Amana Isiyo na Hati

Chombo kimepwelewa ufuoni. Mwenyewe hayupo, mabaharia wake wametawanyika, na fundi aliyekiunda hakuacha mchoro. Akatokea mtu aliyekipenda chombo hicho tangu ujana wake, akakichungua ubao kwa ubao, akakiundia mkuku mpya na mataruma mapya kwa jasho lake mwenyewe, na maji yalipojaa kikaelea. Je, mtu huyu amekiokoa chombo au amekinyakua? Na hiki kinachoelea ni chombo kile kile, au ni mfano wake tu?

Wanafalsafa wamelizungusha swali hili tangu enzi za Wayunani, na mpaka sasa halijapata jibu moja. Katika zama hizi limeibuka pahala ambapo wapenzi wa mashairi pengine hawakulitarajia, nako ni katika michezo ya kompyuta.

Isidhaniwe kuwa hapa panazungumzwa habari za kufyatua risasi na kukimbiza magari. Ipo aina ya mchezo wa kompyuta iliyo jirani sana na hadithi na kitendawili. Mchezaji hupewa mtu mmoja wa kumwongoza. Humtembeza katika miji ya kubuniwa, akamzungumzisha na watu, akaokota hiki na kile, akauliza, akadanganywa, akafumbua mafumbo, mpaka kisa kikafika mwisho. Ni hadithi, ila mlango wa kila sura umefungwa, na ufunguo hana budi msomaji kuutafuta mwenyewe. Aina hii ilistawi sana Marekani na Ulaya katika miaka ya 1980 na 1990. Kampuni ya Lucasfilm Games ilitoa Maniac Mansion mwaka 1987 na The Secret of Monkey Island mwaka 1990, na wako watu wazima leo ambao maneno ya mchezo huo wa pili wanayo kichwani kama wengine walivyo na beti za tenzi walizozisikia utotoni.

Mchezo wa namna hii una sehemu mbili. Ya kwanza ni picha, sauti, muziki na maneno. Ya pili ni programu inayovipa vitu hivyo uhai: inayojua kwamba mlango huu haufunguki ila kwa ufunguo ule, na kwamba mtu fulani akishakasirishwa hasemi tena. Programu hiyo huitwa injini. Kitabu hakina haja ya injini. Macho na mwangaza vinatosha. Mchezo hauna budi nayo, na injini huandikwa kwa ajili ya mashine ya wakati wake. Mashine zikibadilika, injini hufa, na picha na maneno hubaki ndani ya diski, vimekamilika lakini havisemi. Miaka kumi huweza kutosha kuleta ububu huo.

Mwaka 2001 Msweden mmoja, Ludvig Strigeus, alianza kuandika injini mpya ya kuiendesha michezo ya Lucasfilm. Michezo hiyo ilikuwa imetungwa kwa kifaa kilichoitwa SCUMM, kilichoundwa kwanza kwa ajili ya Maniac Mansion. Ndipo injini mpya ikaitwa ScummVM. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo, wala hakupewa maandishi ya asili ya programu. Alitaka kujua michezo hiyo imeundwaje. Wengine wakajiunga naye kutoka nchi mbalimbali, na kwa zaidi ya miaka 20 sasa kazi imekuwa ikiendelea mikononi mwa watu wa kujitolea. Injini hiyo leo huendesha mamia ya michezo ya makampuni mengi, katika kompyuta na simu ambazo watunzi wa awali hawakuziota.

Tangu mapema wapenzi hao walijiwekea mpaka. Wao huandika injini. Hawagawi mchezo wa mtu. Atakaye kucheza Monkey Island sharti awe na nakala yake mwenyewe, nao watampa cha kuiendeshea. Injini yenyewe huitoa bure kwa leseni iitwayo GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuisoma na kuibadilisha, mradi akiwapa wengine awape pamoja na maandishi yake na haki zile zile. Wako wenye mali walioridhia. Kampuni ya Revolution ya Uingereza iliwapa maandishi ya asili ya mchezo wake wa mwaka 1994, Beneath a Steel Sky, na mwaka 2003 ikauachia mchezo wenyewe ugawiwe bure. Lakini wengi hawakuulizwa, na wengine hawakuwapo tena wa kuulizwa.

Mpaka huo una mantiki nzuri. Mwenye mchezo anabaki na picha, sauti na maneno yake, na mpenzi hajatwaa ila mzigo wa kuviendesha. Ni kama mtu asemaye: kisa ni chako, mimi nimetengeneza taa ya kukisomea. Lau michezo yote ingekuwa ya namna moja, mjadala ungeishia hapo. Lakini palikuwa na mchezo mmoja uliouvuka mpaka huo, na kwa sababu hiyo ndio unaofaa kutazamwa kwa kirefu.

Mchezo huo ni Blade Runner, uliotolewa mwaka 1997 na Westwood Studios ya Las Vegas. Umetokana na filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982, nayo filamu imetokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Kisa chake kinapita Los Angeles ya Novemba 2019 kama ilivyobuniwa na wenye filamu: mji wa giza, mvua na taa za matangazo, ambamo wanyama wa kweli wamekuwa adimu, na watu wa kutengenezwa, waitwao replikanti, wamekatazwa kuishi duniani. Ray McCoy, askari mchanga, anatumwa kuchunguza mauaji ya wanyama katika duka la Runciter. Kazi yake ni kuwatambua replikanti na kuwaangamiza. Anacho kipimo: humuuliza mtu maswali ya kuigusa huruma yake huku akiyatazama macho yake. Asiyeguswa huhesabiwa si mtu.

Ajabu ya mchezo huu ni kwamba kila unapoanzwa upya, wenyewe hupiga kura kimyakimya, na baadhi ya watu ambao jana walikuwa binadamu leo huwa replikanti. Lucy, msichana afanyaye kazi katika duka lile, huweza kuwa huyu au yule. Mchezaji hasaidiwi na kumbukumbu ya jana. Hana budi kumtazama upya kila aliye mbele yake na kuamua, na uamuzi wake humpeleka kwenye mwisho mmoja kati ya mingi. Zipo njia ambazo humlazimu McCoy ajiulize kama yeye mwenyewe si wa kutengenezwa.

Mchezo uliohoji tofauti ya asili na mfano ulipatwa na msiba unaofanana na kisa chake. Westwood ilinunuliwa na Electronic Arts mwaka 1998, na mwaka 2003 ikafungwa. Louis Castle, mmoja wa waasisi wake, ameeleza kwamba katika kuhama kutoka Las Vegas kwenda Los Angeles vitu vya asili vya mchezo vilipotea, maandishi ya programu yakiwamo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa lililopotea ni daftari lenyewe. Haki ya kumiliki ilibaki kwenye karatasi za mikataba, lakini uwezo wa kuutengeneza mchezo haukubaki kwa yeyote. Kilichosalia ni kile kilichokuwa ndani ya diski 4 walizokuwa nazo wanunuzi majumbani mwao.

Wapenzi wa ScummVM waliianza kazi hii bila ya daftari, nayo iliwachukua takriban miaka minane. Inafaa ugumu wake uelezwe. Programu huandikwa na binadamu kwa lugha yenye maneno: kitu hiki kinaitwa mlango, hesabu hii ni ya hofu, na pembeni fundi huandika maelezo kwa ajili ya mwenziwe. Kisha hugeuzwa ikawa mfululizo wa namba zinazofahamika na mashine tu, na katika kugeuzwa huko majina na maelezo hupotea. Anayetaka kurudi nyuma, kutoka namba hadi maana, huzisoma moja moja na kukisia. Msomaji wa pwani ataipata picha yake akizikumbuka hati za kale za tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo herufi moja huweza kusomwa p au b, na alama moja ya irabu ikawa i au e. Asomaye hati hiyo hasomi kwa macho tu. Husoma kwa kuijua lugha, kwa vina na mizani, na kwa kuizoea kalamu ya mtunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa waliinama miaka.

Ugumu huo ulikuwa na sura nyingine, na hapo ndipo mpaka ulipovukwa. Katika michezo ya SCUMM, mwenendo wa watu umewekwa ndani ya diski kama maelekezo ambayo injini huyasoma na kuyafuata. Katika Blade Runner mwenendo huo nao ulikuwa umegeuzwa kuwa lugha ya mashine, kama injini yenyewe. Nani humwogopa nani, nani husema uongo akiulizwa, nani hukimbia na nani hungoja: yote hayo yalikuwa namba za kutekelezwa. Kwa hiyo wapenzi hawakuandika injini pekee. Waliandika upya, pahala kwa pahala na mtu kwa mtu, mwenendo wa mji mzima. Picha na sauti zilibaki za Westwood, zikichukuliwa kutoka diski ya mnunuzi, lakini tabia ya kila aishiye ndani ya mchezo ilipita mikononi mwa wageni. Hapo haiwezekani tena kusema kisa ni chako na taa ni yangu. Taa na kisa vimeshikana.

Basi hoja ya mpaka haitoshi, na lazima itafutwe nyingine.

Anayewapinga atasema: kitu ni cha mwenyewe, na haki ya kumiliki ni pamoja na haki ya kuacha. Mtu ana ruhusa ya kuyafungia mashairi yake sandukuni, au hata kuyatia moto, na hakuna jirani mwenye haki ya kuvunja sanduku kwa kisingizio cha mapenzi. Hoja hii ina nguvu, na mapenzi peke yake hayaijibu. Mengi maovu yamefanywa na waliodai kupenda.

Lakini na itazamwe kwa makini. Utungo uliofungiwa sandukuni bado ni siri ya mtunzi. Utungo uliokwisha kutolewa, ukauzwa, ukaingia katika nyumba na vichwa vya watu, umekuwa na wahusika wawili. Mtunzi ana haki ya jina, ya faida, na ya kusema hili ni langu. Aliyeupokea naye ana haki yake, ndogo lakini ya kweli: kuendelea kukifikia kile alichopewa. Muyaka wa Mombasa, mshairi wa karne ya 19, hakumwachia mtu hati ya kumruhusu kuzihifadhi tungo zake. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya na kuziandika, na kwa kalamu hiyo ndipo nyingi zikawafikia wa leo. Hakuna amwitaye mwizi. Mwenendo wake una jina katika Kiswahili ambalo sheria ya mali haina lililo sawa nalo: alishika amana.

Amana ni kitu ulichonacho kisicho chako. Masharti yake yanajulikana na kila aliyelelewa vyema: usikitumie kwa faida yako, usikibadilishe, usikifiche, na mwenyewe akija kukitaka umpe. Amana ya kawaida hukabidhiwa mkono kwa mkono. Hii ya tungo zilizoachwa haikabidhiwi na yeyote. Mtu huikuta njiani, akajua kwamba akiipita itapotea, na tangu dakika hiyo ikawa juu yake. Wanazuoni wa fiqhi wana mlango mzima juu ya kitu kilichookotwa, na katika yanayotakiwa kwa aliyeokota ni kukitangaza, asikae nacho kimya. Wapenzi hawa walifanya kazi hadharani, kila mstari wa maandishi yao ukiwa wazi kwa atakaye kuusoma, akiwamo mwenye mali. Hati hawakuwa nayo. Kwa hivyo uadilifu wao haupimiki mwanzoni, kwa ruhusa waliyopewa. Hupimwa baadaye, kwa mwenendo wao na kitu kilipokwisha kuwa mikononi mwao.

Mtihani wa kwanza ni makosa. Kila mchezo wa zamani una kasoro zake: pahala pa kukwama pasipokusudiwa, maneno yaliyorekodiwa ambayo hayasikiki kamwe kwa kuwa hayakuunganishwa na chochote. Mwenye kunakili hukuta pia vipande ambavyo watunzi walivikata. Afanye nini? Akirekebisha kila kitu, amejifanya mtunzi. Akiacha kila kitu, atahifadhi hata kikohozi cha msimulizi. Wanakili wa tenzi walilijua jaribu hili, na nakala za Al-Inkishafi hazilingani kwa idadi ya beti. Wapenzi wa Blade Runner walichagua njia ya busara. Kasoro zilizokizuia kisa kuendelea walizirekebisha. Vipande vilivyokatwa walivirudisha, lakini katika mlango wa pembeni wenye jina lake. Aingiaye mlango mkuu hukutana na mchezo wa 1997. Atakaye kuona kilichokatwa hujua kwamba anaona kilichokatwa. Hakuna aliyedanganywa. Kujizuia huko ni kugumu kuliko ustadi, kwa sababu mwenye kuijua kazi ya mtu kwa miaka minane huanza kudhani kwamba anaijua kumshinda mwenyewe, na pengine ni kweli.

Mtihani wa pili ni jina. Mshairi wa pwani aghalabu hujitaja katika beti za mwisho, kwa kuwa anajua shairi litasafiri bila yake. Wapenzi wa ScummVM hawadai malipo, ila wanadai jambo la jamii hiyo: watajwe, na uhuru waliotoa usizuiwe njiani. Mwaka 2008 iligundulika kwamba michezo mitatu ya watoto, iliyouzwa kwa mashine ya Wii, ilikuwa ikiendeshwa na injini yao bila ya wenyewe kutajwa wala leseni kufuatwa. Waliosimama siku zote upande wa wasio na ruhusa wakajikuta upande wa wenye haki. Jambo hilo likaishia kwa suluhu. Ni funzo zuri kwa pande zote mbili. Aliyetoa bure hakutoa kila kitu, na anayetaka jina lake liheshimiwe hana budi kuliheshimu la mwenziwe. Wapenzi hawakuwahi kusema Blade Runner ni yao.

Mtihani wa tatu, ulio mkubwa, ni siku ya kurudi kwa mwenyewe. Oktoba 2019 lilitoka toleo la ScummVM lenye uwezo wa kuuendesha mchezo huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Walilipa jina la Electric Sheep, kwa kuikumbuka riwaya ya Dick, na ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kufika Novemba ile ambayo kisa chenyewe kinapita. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo duka la GOG likaanza kuuuza mchezo huo kihalali kwa njia ya intaneti, ukiwa unaendeshwa na ScummVM. Walioachiwa mali na wakashindwa kuitunza waliikuta inaelea. Hakuna aliyewafungia mlango, wala aliyedai fidia ya miaka minane. Walipewa, kwa masharti yale yale ya leseni ambayo angepewa mtu yeyote.

Swali la pili bado lipo: je, ni mchezo ule ule? Akitafutiwa jibu katika namba zake, si ule ule, kwani maandishi yaliyoundwa upya si yale yaliyopotea. Lakini mchezo wenyewe umeshatoa funzo kuhusu swali hilo. McCoy anaweza kumaliza siku zake zote akiuliza nani ametengenezwa na nani amezaliwa, na asijue hata moja lililo muhimu juu ya aliye mbele yake. Kilicho muhimu ni mwenendo wake, na hicho huonekana tu akimtazama kwa subira. Injini mpya inastahili kutazamwa hivyo hivyo. Kama Lucy bado huogopa pale alipokuwa akiogopa, na kama anayemwongoza McCoy bado husita kabla ya kuinua bastola kwa kutojua, basi walichokusudia watunzi kimefika.

Mwaka 2022 pakatoka toleo la Blade Runner lililopambwa upya na kampuni ya Nightdive. Kwa kuwa maandishi ya asili yalikuwa yamepotea, nao ilibidi waanzie kwenye mchezo uliokwisha kutolewa. GOG ikaacha kuliuza peke yake toleo la zamani. Wanunuzi wengi wakalalamika kwamba picha zimelainishwa hadi zimepoteza sura yake, na baada ya siku chache toleo la zamani, lile liendeshwalo na ScummVM, likarudishwa sokoni. Wenye mali walikuwa na haki kamili ya kuipamba mali yao, na pengine siku moja watafanya vizuri zaidi. Lakini walipotaka kurejea kwenye lile la kwanza, lilikuwapo. Lilikuwapo kwa sababu kulikuwa na watu waliolishika kwa miaka yote hiyo bila ya kuombwa, na hawakuona kwamba kulishika kunawapa haki ya kulifanya lao.